Ana miezi 17 na maneno mawili tu: ningoje afike miaka miwili?

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu wa kiume ana miezi 17. Alizaliwa kwa miezi tisa kamili na alianza kutembea akiwa na miezi 14. Tatizo ni kusema. Husema "mama" na "baba", basi. Mengine ni vijisauti tu: akiona taa husema "ta", akimwona mbwa husema "au au". Nikiwa kazini hubaki na dada anayenisaidia, naye humwekea nyimbo za watoto kwenye simu ili atulie. Anazipenda mno, ukipunguza sauti analia. Nyumbani tunatumia lugha mbili. Bibi yake anasema watoto wa kiume huchelewa, hata baba yake alichelewa. Jirani anasema ulimi wake umeshikwa chini, nimpeleke ukakatwe. Kwa mengine ni mzima, ila mwaka huu ameumwa masikio mara mbili, yakatoka usaha, akapewa dawa akapona. Nisubiri mpaka miaka miwili? – Mama mwenye wasiwasi

JIBU: Marahaba, mama. Usisubiri. Mpeleke akapimwe masikio ndani ya mwezi huu, na huku nyumbani muanze kuzungumza naye kwa namna nitakayokueleza. Inawezekana kabisa hana tatizo kubwa, na mengi uliyoandika yananipa moyo. Lakini kuna mambo mawili umeyataja kwa kupita tu, na ndiyo yaliyonisimamisha: masikio yametoka usaha mara mbili, na sauti ya simu ikipunguzwa analia.

Usaha ukikauka na homa ikashuka, mzazi huona mtoto amepona. Mara nyingi, hata hivyo, nyuma ya kiwambo cha sikio hubaki majimaji. Hayaumi wala hayaleti homa, na mtoto anacheza kama kawaida. Ila kiwambo hakitikisiki vizuri, kwa hiyo maneno yanamfikia kama yanavyomfikia mtu aliyezama kichwa majini huku wenzake wanaongea ukingoni. Mlango ukibamizwa atashtuka. Ukimwita kwa nguvu atageuka. Zinazopotea ni zile sauti nyembamba, "s" ya "sabuni", "f" ya "funga", na mwisho wa maneno unaotamkwa kwa upole. Huenda ndiyo maana sauti ya simu ikipunguzwa analia. Mtoto hawezi kutamka asichokisikia. Kwa watoto wengi majimaji haya huondoka yenyewe ndani ya miezi mitatu, bila dawa. Lakini miezi mitatu kwa mtoto wa miezi 17 ni sehemu kubwa ya maisha yake, tena katika kipindi hasa cha kukusanya maneno. Kwa hiyo mtoto wa umri huu anayechelewa kusema hupimwa kwanza, kisha ndiyo tunajadili kama kuna cha kungoja.

Kumpigia makofi nyuma ya kichwa si kipimo. Anahisi upepo, anaona kivuli, anageuka, nanyi mnafurahi bure. Kipimo chenyewe hakiumi. Kuna kifaa kinachosukuma hewa kidogo sikioni kuona kama kiwambo kinacheza. Kuna kingine kinachotoa sauti ndogo na kusikiliza mwangwi unaorudi kutoka sikio la ndani. Kwa umri wa mwanao kuna pia kipimo ambacho watoto hukipenda: anakaa mapajani mwako, sauti inatokea upande mmoja, akigeuka anaonyeshwa mwanasesere anayewaka taa. Sauti inapunguzwa hatua kwa hatua mpaka ijulikane anaishia wapi.

Sasa maneno. Umehesabu mawili, mimi nimehesabu manne. Neno la mtoto si lazima lifanane na la mtu mzima. Kinachotakiwa ni sauti ileile, kwa kitu kilekile, kila mara. "Ta" anapoiona taa ni neno. "Au au" ya mbwa ni neno. Kufikia miezi 18 watoto walio wengi husema angalau maneno matatu mbali na "mama" na "baba". Wako ana mawili na mwezi mmoja mbele yake. Chukua daftari, siku tatu mfululizo wewe na dada muandike kila sauti anayoirudia na kitu alichokuwa akikitazama. Nina hakika mtakuta mengine.

Hata hivyo, nikiletewa mtoto wa umri huu, kitu cha kwanza ninachokitazama si maneno. Natazama macho yake na kidole chake. Mezani kwangu kuna kichupa cha mapovu ya sabuni. Napuliza mara moja, mapovu yanaruka, nafunga kifuniko kwa nguvu, nampa mtoto kichupa, kisha nanyamaza. Wazazi hupata taabu sana na ukimya huo, wanataka kumsemea. Kuna mtoto mmoja, rika la mwanao, alihangaika na kile kifuniko kwa kucha zake, akakigeuza juu chini, akashindwa. Akaniangalia usoni. Akanisukumia kichupa mkononi, akanyoosha kidole hewani pale mapovu yalipokuwa yamepita, akasema "e!" Hakuwa na neno hata moja, lakini alikuwa ameniambia kila kitu: wewe, fungua, mapovu, tena. Mtoto wa namna hiyo anajua kwamba watu huambiana mambo. Anachokosa ni maneno ya kutumia, na hayo tunaweza kumpa.

Basi mtazame wako. Je, ndege akipita hunyoosha kidole kukuonyesha, kisha akakugeukia kuhakikisha nawe umeona? Hapo simaanishi kidole cha kuomba kitu, namaanisha cha kukushirikisha. Ukimwambia "leta kiatu" bila kukitazama kiatu wala kukionyesha, anakwenda? Ukimwita jina kwa sauti ya kawaida, anageuka? Majibu yakiwa ndiyo, mizizi ya lugha ipo. Kama hanyooshi kidole kabisa, hapungi mkono wa kwaheri, au hakutazami usoni, mwambie daktari hilo kabla ya jambo jingine lolote. Haimaanishi moja kwa moja kwamba ana usonji, lakini ni sababu ya kumchunguza mapema, na msaada unaoanza mapema humfaa zaidi.

Kuhusu simu nitasema wazi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 haupendekezi kabisa kumkalisha mbele ya skrini mtoto aliye chini ya miaka miwili, na kuanzia miaka miwili hadi minne unataka isizidi saa moja kwa siku. Mwaka 2003 mtafiti Patricia Kuhl na wenzake nchini Marekani walichapisha jaribio ambalo huwa nawasimulia wazazi. Walichukua watoto wa miezi tisa wanaokulia kwenye Kiingereza. Kundi moja lilikaa vikao 12 na mtu anayezungumza Kichina cha Mandarin, akiwasomea na kucheza nao. Watoto wengine walipewa Kichina hichohicho kwenye rekodi. Waliokaa na mtu walijifunza kutofautisha sauti za Kichina. Wa rekodi hawakujifunza, ingawa waliangalia. Rekodi haimngoji mtoto amalize sauti yake, haifuati anakotazama, haimjibu. Mwanao anaweza kuufuatisha mdundo wa wimbo kuanzia mwanzo hadi mwisho na asijue kuuomba. (Kuongea kwa video na baba au bibi aliye mbali ni jambo jingine, maana yeye hujibu.)

Nakuomba sana usimgombeze dada. Yuko peke yake na mtoto na kazi za nyumba, na simu ndiyo pumziko lake pekee. Yeye ndiye anayekaa naye saa nyingi za mchana, kwa hiyo mafunzo haya ni yake kama yalivyo yako. Kaa naye chini, mfanye pamoja mbele ya mtoto.

Namna yenyewe ni hii. Shuka mpaka macho yenu yawe usawa mmoja. Subiri uone anatazama nini, kisha kitaje hicho, hata kama wewe ulitaka atazame kingine. Anashika kijiko, sema "kijiko". Halafu nyamaza na uhesabu kimoyomoyo hadi kumi. Kumi ni ndefu kuliko unavyodhani, na watu wazima wengi huishia mbili au tatu kabla hawajasema tena. Katika ukimya huo ndipo yeye hupata nafasi. Akitoa chochote, hata mguno au jicho, kichukue kama jibu na umrudishie ukiwa umeongeza kidogo. Yeye "ta", wewe "ehee, taa! Taa inawaka." Usimwambie "siyo ta, sema taa, sema!" Mtoto anayetahiniwa hufunga mdomo.

Wakati mzuri kuliko wote ni kuoga na kuvaa, kwa sababu mambo yaleyale hurudi kila siku kwa mpangilio uleule. Mvishe soksi moja, ya pili ishike mkononi karibu na uso wako, useme "soksi...", kisha ungoje. Kesho fanya vivyo hivyo. Siku ya nne au ya kumi atainua mguu kabla hujasema, na hiyo ni zamu yake katika mazungumzo. Nyimbo pia msiziache: ziimbeni kwa mdomo, msimame kabla ya neno la mwisho, mumtazame. Televisheni inayojiongelea pembeni izimwe, hasa kwa mtoto ambaye huenda hasikii vizuri, kwani kelele hizo humfunikia sauti yako. Na simu zenu wenyewe ziwekwe kando katika dakika hizo. Uso ulioinamia simu haumjibu mtoto. Miaka ya 1970 mtafiti Edward Tronick alionyesha jinsi mtoto wa miezi michache anavyohangaika mama akimtazama kwa uso uliotulia tuli, usioonyesha hisia yoyote: hutabasamu, hutoa sauti, hurusha mikono, mwishowe hugeuza kichwa.

Yaliyobaki ni mafupi. Lugha mbili hazimchelewishi mtoto. Endeleeni nazo zote, ila maneno yahesabiwe ya lugha zote mbili kwa pamoja. Watoto wa kiume huchelewa kidogo kwa wastani, kwa wiki kadhaa au mwezi na zaidi, wala tofauti hiyo haitoshi kuwa sababu ya kutompima. Kuchelewa kwa baba kuna uzito, kwa maana mambo haya hutembea katika familia, basi mtajie daktari. Ulimi ulioshikwa unaweza kusumbua kunyonya au kutia ukungu sauti chache, lakini hauzuii mtoto kuanza kusema. Anayesema "ta" na "mama" ulimi wake unafanya kazi, asikatwe kwa ushauri wa jirani. Na kwa wazazi wengine wenye watoto njiti: hesabuni umri kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa, mpaka atimize miaka miwili.

Jambo moja halingoji hata wiki. Mtoto wa umri wowote akiacha maneno aliyokuwa nayo, au akaacha kukutazama, kucheka nawe au kupunga mkono kama alivyozoea, mpeleke mara moja.

Siku ya kipimo chukua kadi yake ya kliniki, daftari lile la maneno, na majina ya dawa alizopewa masikio yalipouma. Akiwa na mafua siku hiyo waambie, kwa sababu mafua yanaweza kuharibu majibu ya kipimo cha hewa na itabidi kirudiwe. Sikio likitoka usaha tena kabla ya hapo, lifute kwa nje tu kwa kitambaa safi, maji yasiingie anapooga, na lisitiwe mafuta wala kitu kingine chochote mpaka daktari aone kama kiwambo kina tundu. Majibu yakitoka, niandikie walichokiona kwa kila sikio.