Maswali yenu: Jumamosi kwenye viwanja vidogo vya Uingereza

Tangu niseme kwamba Jumamosi zangu hapa London huishia kwenye viwanja vya timu za soka msizozijua, zile zinazoitwa za "nje ya ligi", mmeniuliza mengi. Haya ni matano.

Kaka, "nje ya ligi" maana yake nini? Kwani hao hawana ligi? (Msomaji, Tabora)

Wanazo, tena nyingi. Jina ni la kale tu: zamani Mwingereza akitaja "ligi" peke yake alimaanisha Football League, iliyoanzishwa 1888. Leo madaraja manne ya juu yana timu 92. Kuanzia daraja la tano kushuka, wote ni wa nje ya ligi.

Ila usiwafananishe na ndondo. Mshambuliaji Jamie Vardy alipitia timu za huku chini, Stocksbridge, Halifax na Fleetwood, kabla ya Leicester kumchukua 2012, na 2016 akabeba kombe la Ligi Kuu. Na sisi wenyewe tumefaidika: Taifa Stars ilipokwenda Afcon ya Ivory Coast, Januari 2024, kikosini walikuwemo Haji Mnoga wa Aldershot Town na Tarryn Allarakhia wa Wealdstone. Timu zote mbili zilikuwa daraja la tano.

Nipo London kwa masomo, mwaka mmoja. Tiketi ya Arsenal imenishinda. Nianzie wapi? (Mwanafunzi)

Anzia Dulwich Hamlet, mdogo wangu. Panda treni London Bridge, ushuke East Dulwich baada ya kama robo saa. Uwanja wao, Champion Hill, upo hapo hapo jirani. Utawatambua kwa jezi za pinki na bluu iliyokolea. Kwa timu za ngazi hii kiingilio mara nyingi ni pauni 10 hadi 15.

Ni klabu ya 1893. Edgar Kail aliichezea bila mshahara, na bado 1929 akaitwa timu ya taifa ya England. Mpaka leo mashabiki wanamwimba. Na hapo Champion Hill, kwenye Olimpiki ya 1948, Korea iliifunga Mexico 5-3.

Simama kwenye uzio, usawa wa winga. Utamsikia akihema. Utamsikia kipa akimtukana beki wake, kisha dakika mbili baadaye akimwita "mwanangu". Mshika kibendera naye anasikia kila unachomwambia, na wengine hujibu. Mara ya kwanza nilimpigia mmoja kelele za offside; akageuka, akaniuliza kwa upole kama nami nilikuwa kwenye mstari. Wazee waliokuwa pembeni yangu walicheka mpaka mapumziko.

Nina watoto wawili, na nyumbani kwetu hatunywi pombe. Nisije nikajuta? (Mama, Luton)

Dada, pombe utaiona. Sheria ya 1985 inakataza kunywa huku ukitazama uwanja, lakini inagusa madaraja matano ya juu tu. Huku chini mtu anasimama na bia yake kwenye uzio. Fujo lakini ni nadra, na mara nyingi mashabiki wa timu mbili hawatenganishwi kabisa. Watoto hupunguziwa kiingilio, na wako watacheza mpira wao nyuma ya goli mechi ikiendelea. Msishangae kukuta mbwa jukwaani.

Chakula je, kuna halali? (Msomaji, Leicester)

Uliza dirishani. Usipopata jibu la kueleweka, kula chipsi baada ya kuuliza mafuta yake. Ule mchuzi mweusi wanaokunywa vikombeni wakati wa baridi, Bovril, ni wa nyama ya ng'ombe. Mimi huenda na chupa yangu ya chai ya tangawizi.

Nilisafiri saa nzima na nusu, nikakuta geti limefungwa. Huwa mnajuaje? (Msomaji, Reading)

Pole sana, yalinikuta pia: karatasi getini, "uwanja umejaa maji", na mimi nimevaa soksi mbili mbili. Kuanzia Novemba usitoke nyumbani kabla ya kuangalia kurasa za klabu asubuhi ile. Refa hukagua uwanja mapema, na mechi inaweza kuahirishwa saa chache tu kabla.

Kwa kawaida Jumamosi ni saa tisa alasiri. Siku hiyo Uingereza hairuhusu mechi kuonyeshwa mubashara kwenye televisheni tangu saa tisa kasorobo hadi saa kumi na moja na robo, ili watu waende viwanjani, hasa kwa hawa wadogo. Desemba jua la London huzama hata saa kumi haijafika, kwa hiyo kipindi cha pili utakitazama chini ya taa.

Na mapumziko yakifika, ukiona watu wa nyuma ya goli wanakusanya skafu na bendera na kuondoka, usidhani wamekata tamaa. Wanahamia goli la upande wa pili, ambako timu yao itashambulia. Chukua kikombe chako uwafuate.