Muulize Dada: Yeye kashafika, mimi bado nahema

Wiki hii barua zimekuja zimefuatana utadhani mlikaa pamoja mkaziandika, karibu zote ni wikiendi na mtu unayeishi naye, mbio, rangi, safari, ngazi. Nimechagua nne. Mbili za mwanzo nimezijibu kwa urefu maana najua wanaoteseka na mambo hayo ni wengi.

SWALI: Dada habari za kazi. Mimi na mume wangu tuna miaka sita kwenye ndoa, mwaka huu tukakubaliana tuwe tunakimbia pamoja jumamosi asubuhi maana wiki nzima hatuonani, kila mtu na kazi zake. Wazo lilikuwa langu mimi. Sasa yeye ni mkimbiaji wa siku nyingi na ana miguu mirefu, tukianza tu dakika mbili tatu kashanipita, anafika mbele huko anasimama anarukaruka akinisubiri "twende twende", nikimfikia tu yeye anaondoka tena, kwa hiyo yeye kapumzika mimi sijapumzika. Juzi nimelia njiani. Halafu ugoko unaniuma mpaka usiku. Nikimwambia anasema ananitia moyo. Niache tu?

JIBU: Usiache mdogo wangu. Na pole kwa kulia njiani, hiyo hali naijua, unajiona mzigo kwa mtu uliyetaka kuwa naye karibu.

Hapo kwenye kukusubiri halafu ukifika anaondoka ndo penye shida yenyewe. Yeye anapata mapumziko kila baada ya mita mia mbili, wewe unakimbia mfululizo kwa kasi inayokuzidi, yaani anayehitaji kupumzika ndiye hapumziki. Simuoni kama mbaya, nadhani kweli anaamini anakutia moyo, ila mwambie neno moja: kumwekea mtu mwendo ni kukimbia kwa kasi ya huyo mtu. Oktoba 2019 kule Vienna Eliud Kipchoge alipomaliza kilomita 42.195 kwa saa 1 dakika 59 na sekunde 40 alikuwa na wakimbiaji 41 wa kumwekea mwendo, wanaingia na kutoka kwa zamu, wamempanga katikati wanamkinga upepo, na hao nao ni watu wakubwa kwenye riadha, wengine wana medali za olimpiki nyumbani, lakini asubuhi ile hakuna aliyekimbia mbio zake mwenyewe, wote walikuwa kwenye mbio za Kipchoge. Kaa na mumeo muangalie ile video pamoja, mwonyeshe wale jamaa miguu yao inavyofuata miguu ya mwenzao.

Na asidhani anapoteza mazoezi akienda na wewe. Wakimbiaji wazoefu sehemu kubwa ya kilomita zao za wiki wanazikimbia taratibu kabisa, zile za kasi ni kidogo. Kwa hiyo jumamosi iwe siku yake ya taratibu, za kasi akimbie siku nyingine peke yake. Kipimo ni mdomo wako, ukiweza kumaliza sentensi nzima bila kukatika pumzi basi mwendo ni sawa, ukibaki na neno moja moja mmezidisha punguzeni.

Kuna siku lakini na yeye atataka kujinyoosha na hapo kuna njia naipenda sana. Tokeni pamoja getini, kila mtu aende kwa kasi yake, wekeni alamu ya dakika 15 kwenye simu zenu zote mbili, ikilia kila mtu ageuze pale pale alipo arudi kwa mwendo ule ule. Yeye atakuwa kaenda mbali kukuzidi lakini kurudi pia ana safari ndefu kukuzidi, mkitunza mwendo mnafika getini karibu sawasawa. Hakuna aliyemsubiri mwenzie. Na wakati wa kurudi yeye ndo anakukimbilia kutoka nyuma, mkikutana karibu na mwisho mnamalizia pamoja, ile raha siwezi kuielezea.

Sasa ugoko. Mapafu na moyo vinazoea mbio mapema, wiki chache tu unaona pumzi imekaa, lakini mifupa na kano zinachelewa, zenyewe zinataka miezi, ndo maana watu wengi wanaoanza wanaumia pale pale wanapoanza kujiona wameweza. Rudi nyuma kidogo: kimbia dakika moja tembea mbili, fanya hivyo kwa dakika 20 au 25, mara tatu kwa wiki na siku ya kupumzika katikati, wiki inayofuata ongeza kidogo. Angalia na viatu, vya kukimbilia vikishapiga kama kilomita 500 mpaka 800 soli inakuwa imelala hata kama juu vinaonekana vipya. Ila ukibonyeza mfupa kwa kidole ukakuta sehemu moja ndogo inauma mpaka unaruka, au unauma hata ukiwa umekaa tu, simamisha mbio nenda hospitali waangalie, unaweza kuwa umepata ufa, na ufa haukimbiliwi.

SWALI: Dada mimi na mchumba wangu tumehamia nyumba ya zamani kidogo tukaamua kupiga rangi wenyewe chumba cha kulala. Tulifurahi sana siku hiyo, mziki, nguo za zamani, picha kibao. Miezi miwili haijaisha rangi inabanduka vipande vipande ukuta wa upande wa dirishani, na juu karibu na dari kuna mistari mistari. Yeye anasema nilipiga nyepesi sana mimi, mimi nasema yeye ndo aliharakisha. Sasa hivi tukiingia chumbani kila mtu anaangalia ukuta anakaa kimya. Tufanyeje?

JIBU: Kabla ya kujua nani mkosaji ulizeni ukuta kwanza, maana ukuta unasema.

Chukua kipande kilichobanduka kigeuze uangalie mgongo wake. Kikiwa na unga unga wa plasta ujue ukuta ulikuwa na vumbi au plasta imechoka na hamkupaka praima, ile ya kwanza ya kushikisha rangi, basi rangi ilishika vumbi haikushika ukuta. Kikiwa kisafi na laini huku nyuma ujue chini yake kuna rangi ya zamani ya mafuta, ile inayong'aa, mkapaka ya maji juu yake bila kupiga msasa, hiyo haiwezi kushika hata upake mara tano. Na ukiona unga mweupe kama chumvi ukutani hapo ni maji.

Kwa kuwa ni ukuta mmoja tu nashuku maji. Kata kipande cha nailoni, kibandike ukutani mahali pakavu kwa kuangalia, ziba kingo zote nne kwa tepu, kaeni masaa 24 mpaka 48. Matone yakitokea upande wa chumbani yaani juu ya nailoni, ni mvuke wa ndani, fungueni madirisha hewa ipite. Matone yakiwa nyuma ya nailoni upande wa ukuta basi unyevu unatoka kwenye ukuta wenyewe, tafuteni chanzo: bomba linalovuja, maji ya paa yanayomwagika ukutani, ufa kwenye fremu ya dirisha, au udongo wa nje umepanda juu kuliko sakafu ya ndani. Hicho kitengenezwe kwanza na ukuta ukauke, unaweza kuchukua wiki nyingi na najua mtatamani kuharakisha, jamani msiharakishe, mtarudi kuniandikia barua hii hii.

Ukishakauka kwangueni kilicholegea, zibeni mashimo kwa puti, pigeni msasa, futeni vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, praima, halafu mikono miwili ya rangi nyembamba na ya kwanza ikauke kabisa kabla ya pili. Ila umesema nyumba ni ya zamani, rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, vumbi lake ni hatari hasa kwa mtoto mdogo na mama mjamzito, kwa hiyo msipige msasa mkavu kwenye rangi ambayo hamjui ni ya lini, ni bora ipimwe kwanza, na hata kukwangua fanyeni ikiwa imeloweshwa, mkiwa na barakoa, watoto wasiwepo.

Kujua kiasi, zungushia chumba. Chumba cha mita 4 kwa 3 mzunguko wake ni mita 14, kuta zikiwa na kimo cha mita 2.7 unapata kama mita za mraba 38, toa mlango na dirisha inabaki kama 34, mara mikono miwili ni 68. Lita moja huwa inatosha kama mita za mraba 10, kwa hiyo lita 7. Nimeandika hesabu yote kwa sababu ugomvi mwingi wa rangi unaanza rangi inapoisha ukuta wa tatu, mmoja anasema tuchanganye na maji kidogo mwingine anasema tusubiri.

Ile mistari ya juu sasa, hapo wote wawili mna sehemu yenu. Naamini mmoja alizungushia brashi kingo zote za chumba, dari, kona, dirisha, akamaliza akakaa, ndo mwingine akaja na rola. Kingo zilikuwa zimeshakauka, rola ikapanda juu ya rangi kavu ikaacha mstari. Safari hii mwenye brashi atangulie mita moja tu, mwenye rola amfuate hapo hapo kingo ikiwa bado mbichi, mnasogea pamoja, mwenye brashi akiona kaenda mbali asimame, mwenye rola akichoka aseme. Mtashangaa mnaongea chumba kizima. Na msianze saa kumi jioni, anzeni asubuhi mmalize mchana kukiwa na mwanga, taa ya usiku inaficha makosa.

SWALI: Dada za leo. Mwenzangu kila wikiendi ya mapumziko anakuja na ratiba, saa moja hiki saa mbili kile, mpaka muda wa kuoga umeandikwa. Mimi nataka kulala tu. Tukirudi jumapili usiku tumenuniana na jumatatu kazini tumechoka kuliko tulivyoondoka. Tuache kusafiri?

JIBU: Hapana msiache, punguzeni tu. Wikiendi ni siku mbili na usiku mmoja au miwili, haibebi safari ya wiki. Kila mtu achague kitu kimoja, kimoja tu, ambacho asipokipata ataumia. Chake kiwekwe jumamosi asubuhi wakati ana nguvu zake, chako kikiwa ni kulala basi jumapili hakuna kuamshana, na akitaka kuamka aende kutembea peke yake bila kinyongo. Vingine vyote vikitokea ni faida. Mahali pawe karibu, mimi naona njia ikizidi masaa matatu kwenda na matatu kurudi mmemaliza siku nzima barabarani. Mkubaliane kiasi cha pesa kabla ya kuondoka sio mkiwa huko, begi lifungwe alhamisi, na jumapili mrudi jua likiwa bado lipo ili mpate jioni moja ya kukaa nyumbani.

Ila nikwambie na upande wake. Mtu anayeandika ratiba mpaka muda wa kuoga mara nyingi ndiye aliyepiga simu zote, akatafuta pa kulala, akaangalia usafiri, na anaogopa kazi yake isiharibike. Safari ijayo panga wewe, yote, uone kama hiyo ratiba itatokea tena.

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni mwanaume, mke wangu ni fundi kuliko mimi, anatoboa kuta, anafunga rafu, anabadilisha taa, na anafanya vizuri kweli. Mimi kazi yangu ni kushika ngazi. Simuonei wivu, nampenda, ila wikiendi nzima nasimama pale najiona sina maana. Nimsaidie nini?

JIBU: Marahaba kaka yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili.

Kwanza hiyo ngazi. Kuanguka kutoka kwenye ngazi kunavunja watu nyonga na kunaua, na wengi hawakuwa juu sana. Kwa hiyo mke wako akiwa kule na drili mikononi usalama wake uko kwako, na kuna namna ya kuufanya vizuri. Ngazi ya kuegemeza, kwa kila mita 4 za kwenda juu mguu wake utoke mita 1 kutoka ukutani, ikisimama wima zaidi inarudi nyuma, ikilala zaidi inateleza. Ikague miguu kabla hajapanda, iwe kwenye sakafu kavu iliyo sawa. Kitovu chake kikitoka nje ya miguu ya ngazi mwambie ashuke msogeze, hata akikasirika.

Pili kabla hajatoboa wewe ndo uzime umeme kwenye swichi kubwa, atumie drili ya betri, na uangalie soketi na swichi zilipo, nyaya mara nyingi zinapanda au kushuka wima kutoka hapo, huo mstari usitobolewe. Shika pima maji wewe, kile kifaa cha kuonyesha kama kitu kimelala sawa, soma wewe, umwambie juu kidogo, chini kidogo, hapo hapo. Aliye juu ya ngazi rafu ikiwa usoni kwake hawezi kuona kama imelala sawa, wewe uliye chini unaona.

Jumamosi hii akipanda shika kwa mikono miwili, simu iache ndani.