Kioo kimebadilishwa mara mbili, mstari umerudi pale pale

Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba. Kwangu mstari ni ukuta, au dirisha, au bomba la majitaka. Siku kioo cha laptopu yangu kilipoanza kuonyesha mstari mwembamba wa kijani, umesimama wima upande wa kulia, nilitumia karibu dakika kumi kujaribu kuufuta kwenye mchoro wa mteja wa Goba. Nilipofunga programu ya kuchorea, mstari ukabaki, sasa ukikata picha ya wanangu niliyoiweka kama mandhari.

Mashine ilikuwa na miezi mitano tu. Niliinunua mpya mwezi Januari, katika duka moja katikati ya mji, kwa shilingi 2,450,000, na waranti ya mwaka mmoja. Katika mwaka huo, nikiikabidhi kwenye kaunta ya duka, ilikaa mikononi mwa mafundi wa wakala wa mtengenezaji siku 58. Kioo kilibadilishwa mara mbili, na mara zote mbili mstari ulirudi baada ya wiki saba au nane hivi. Mara ya tatu nilirudishiwa na karatasi iliyoandikwa kwamba hakuna tatizo lililoonekana.

Nimekutana na watu wengi wenye mkasa kama huu, na karibu wote walianza kama mimi. Tulifika kaunta tukasema "kioo kibovu", tukaacha mashine, tukaondoka. Ukisema kioo kibovu, utabadilishiwa kioo. Aliyepokea mashine ataandika ulivyosema, fundi aliye ndani atasoma alichoandikiwa, na hakuna atakayejiuliza kwa nini kioo cha kwanza kilikufa. Ubovu ukirudi baada ya kubadilishiwa kifaa, basi kuna kingine kilichoachwa ndani, na hicho ndicho cha kutafutwa.

Aliyenifungua macho ni fundi mmoja wa Kariakoo, mtaa wa Aggrey. Nilimpelekea mwezi Desemba, nimeshakata tamaa. Hakushika bisibisi. Aliwasha mashine, akaufungua mfuniko taratibu sana kama mtu anayefungua mlango wa chumba cha mtoto aliyelala, akausimamisha njiani, akaurudisha nyuma kidogo. Mstari ukaja. Akaurudisha mbele, mstari ukapotea. Akabonyeza kidogo karibu na bawaba ya kulia, ukaja tena. "Dada, hapa wamebadilisha kioo, lakini naona waya ni ule ule uliotoka nao kiwandani," akaniambia. Nikamwomba afungue aangalie. Akakataa. "Una waranti bado. Nikifungua mimi, utawapa sababu ya kukukatalia. Rudi kwao, waambie waya." Nilimlipa elfu kumi ya muda wake na bado naona nilimpunja.

Nieleze kidogo alichokuwa anakiona. Picha haizaliwi kwenye kioo. Inatoka kwenye ubao mkuu ulio chini ya kibodi, inapanda kwa waya mwembamba bapa ambao mafundi wanauita fleksi, na waya huo hupita kwenye bawaba au jirani yake. Kila ukifungua na kufunga mfuniko, waya unapinda. Ukiwa mfupi kuliko inavyofaa, au fundi akiubana wakati wa kufunga plastiki, unachubuka polepole. Haukatiki siku moja. Ndiyo maana kioo kipya kinaonekana kizima kwa wiki kadhaa: waya umeguswa, umekaa mkao mpya, kisha unaanza tena kuchoka.

Hata kampuni kubwa zimepitia haya. Mei 2019 Apple ilitangaza mpango wa kutengeneza bure MacBook Pro za inchi 13 za toleo la 2016 ambazo mwanga wa kioo ulikuwa unazimika au kutoa mabaka sehemu ya chini. Mafundi wa iFixit, kampuni inayofungua vifaa na kuonyesha jinsi ya kuvitengeneza, walipofungua toleo la 2018 walikuta waya wa kioo umeongezwa urefu wa milimita 2. Kwenye ramani ya 1:100, milimita 2 ni sentimita 20, yaani unene wa ukuta mzima. Mimi silioni kama jambo dogo.

Sasa vipimo. Vifanye nyumbani kabla hujapanda daladala kwenda popote, na kila kimoja ukirekodi kwa simu. Cha kwanza, piga picha ya skrini kwa kutumia kompyuta yenyewe, uitume kwenye simu yako. Kama mstari hauonekani kwenye simu, picha inayotengenezwa ndani ni safi, na ubovu uko kwenye njia ya kuifikisha machoni pako. Cha pili, chomeka waya wa HDMI kwenye runinga ya sebuleni. Runinga ikiwa safi, kitengo cha picha ni kizima; umebaki na kioo au waya. Cha tatu, zima mashine, iwashe na uingie BIOS, ile kurasa inayotokea kabla Windows haijaamka. Mstari ukiwepo hata hapo, Windows haihusiki. Kipimo hiki kimoja kingeniokolea siku tatu, nitaeleza kwa nini.

Halafu kipimo cha umeme. Kaunta niliambiwa, kwa upole kabisa, "dada yangu, ni umeme wa huko kwenu Tabata." Umeme wetu unakatika na kurudi kwa kishindo, hilo nakubali, na friji yangu ya kwanza iliondoka hivyo. Lakini angalia maandishi kwenye chaja ya laptopu: inapokea volti 100 hadi 240, na inachotoa ni volti 19 au 20 hivi. Chomoa chaja, tumia betri. Mstari wangu ulikuwepo kwenye betri, ulikuwepo ofisini kwa mteja Mikocheni, ulikuwepo hata kwa mama Morogoro.

Kipimo cha mwisho ni kile cha fundi wa Aggrey, na ndicho ninachokithamini kuliko vyote. Sogeza mfuniko polepole, kutoka karibu kufungwa hadi mwisho, mara mbili au tatu. Mstari ukija na kuondoka kulingana na mkao, karibu una jibu. Usipobadilika hata kidogo, huenda ni kioo chenyewe, kwa sababu pembezoni mwake kuna viunganishi vyembamba vilivyogandishwa, na vikiachia, mistari ya wima hutokea na kukaa. Mashine yangu ilirudishwa mara ya tatu bila tatizo kuonekana kwa sababu mezani kwao waliifungua moja kwa moja hadi mwisho. Mstari wangu ulikuwa unatokea njiani.

Tuje kwenye karatasi. Wengi tunapoteza haki hapa. "Ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti," watu wa mapato, TRA, wameturudia mpaka tumeizoea, lakini risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, huchapwa kwenye karatasi inayoandikwa kwa joto, na kwenye droo ya Dar es Salaam inafifia mpaka inabaki nyeupe. Ipige picha siku hiyo hiyo uliyonunua, msimbo wa uhakiki uonekane. Kisha angalia kama imeandikwa namba ya mashine au neno "laptop 1" tu. Yangu ilikuwa na neno tu. Omba ankara yenye namba ileile iliyobandikwa chini ya mashine, na muhuri. Ukiwa dukani bado na pesa mkononi, watakuandikia. Uliza pia waranti ni ya nani: ya mtengenezaji inayotambulika Tanzania, au ya duka. Mashine nyingi mjini zimepitia Dubai, na waranti ya mtengenezaji inaweza kuwa imefungwa kwenye nchi au kanda nyingine. Ingiza namba ya mashine kwenye tovuti ya mtengenezaji uone inasema nini kabla hujalipa.

Kwa mtengenezaji niliandika barua pepe tisa, kwa Kiingereza, adabu zote. Kila moja ilijibiwa na mfumo wao unaojijibu wenyewe, ukinipa namba ya shauri, kisha siku kadhaa baadaye mtu mwenye jina jipya akaniomba niweke Windows upya. Niliweka. Mtu mwingine akaniomba tena. Niliweka mara tatu, kila mara siku nzima ya kurudisha programu za kuchorea na leseni zake. Usifanye hivyo. Ombi la kwanza lijibu kwa video ya BIOS, na ukirudiwa, tuma video ile ile pamoja na namba ya shauri la awali, bila kuanza hadithi upya. Ukianza upya, nao wanaanza upya.

Kuna mmoja aliyenijibu kwamba watengenezaji wote wanaruhusu kasoro kidogo za nukta, vile vitone vidogo vinavyounda picha. Ni kweli kwamba kuna kiwango cha ISO, 9241-307, kinachogusa nukta zilizokufa, na kampuni nyingi zina idadi zinayoivumilia. Lakini kioo changu ni cha nukta 1,920 kwa 1,080. Mstari mmoja wa wima kutoka juu hadi chini ni nukta 1,080. Nilimwandikia hesabu hiyo, na suala la nukta halikurudi.

Baada ya Kariakoo niliacha kumfukuzia mtengenezaji aliye mbali nikarudi kwa niliyempa pesa. Kwenye kuta za maduka yetu kumebandikwa "bidhaa ikishauzwa hairudishwi", na tunaisoma kama sheria. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ina sehemu inayohusu masharti yaliyomo katika mauzo kwa mlaji hata kama hayakuandikwa popote, na nyingine inayohusu wajibu wa mtengenezaji. Tume ya Ushindani, FCC, inapokea malalamiko ya walaji. Sikuhitaji kufika huko, ila barua yangu ilionyesha wazi kwamba njia naijua.

Barua yenyewe ilikuwa ukurasa mmoja, tarehe 6 Januari, waranti ikiwa na siku chache. Nanukuu katikati yake, mwenye kutaka achukue: "Mstari hutokea mfuniko ukiwa nusu wazi na hupotea ukisogezwa. Haupo kwenye picha ya skrini, haupo kwenye runinga, upo kwenye BIOS, upo kwenye betri. Kioo kimebadilishwa Julai na Septemba. Sijaonyeshwa popote kwamba waya wa kioo umebadilishwa. Mashine imekaa kwenu siku 58. Naomba waya na kioo vibadilishwe kwa pamoja, na nipewe maandishi ya kilichobadilishwa, ifikapo tarehe 31 Januari." Nikaambatisha picha za risiti, karatasi tatu za mapokezi, na video mbili kwenye flashi. Nikapeleka mkononi, wakanigongea muhuri kwenye nakala yangu.

Ule muhuri ndio ulioniokoa. Jibu lilipokuja, wiki tatu baadaye, lilisema waranti imekwisha. Nikarudi na nakala yenye tarehe ya mapokezi ndani ya waranti, nikakaa na meneja, mama mtu mzima ambaye nilikuwa sijawahi kumwona. Alisoma yote kimya. Akaniuliza, "Hizi siku 58 umezihesabuje, mwanangu?" Nikamwonyesha karatasi zao wenyewe, tarehe za kupokea na za kutoa. Akampigia simu wakala nikiwa nimekaa pale pale.

Waya uliagizwa nje, ukachukua wiki tano. Muda huo nilifanya kazi kwa skrini ya mezani ya mtumba niliyoinunua Kariakoo, na nakushauri uwe na mpango wa aina hiyo kabla ya kukabidhi mashine, pamoja na nakala ya kazi zako zote kwenye diski ya nje. Mara ya kwanza sikufanya hivyo na mteja mmoja alihama.

Kama waranti yako imekwisha kweli, nenda kwa fundi, lakini usinunue kioo kwa kutaja jina la laptopu tu. Nyuma ya kioo kuna stika yenye namba yake kamili, na kiunganishi kinaweza kuwa cha pini 30 au 40. Visivyolingana havitafanya kazi hata kama ukubwa ni ule ule. Na agiza waya mpya pamoja nacho.

Siku ya kuchukua mashine niliomba waya wa zamani. Kijana wa mapokezi alishangaa, akaenda ndani, akauleta ndani ya bahasha. Karibu na sehemu inayopinda kwenye bawaba gamba limechubuka na shaba inang'aa, pafupi kuliko ukucha. Ninao kwenye faili, pamoja na ankara.

Miezi kumi na moja sasa mstari haujarudi. Wiki iliyopita, hata hivyo, niliona plastiki ya fremu imeachia kidogo upande wa bawaba ya kushoto. Nimeipiga picha, nimeandika tarehe, na nimemtumia yule mama dukani jioni ile ile, pamoja na namba ya shauri la zamani.