Kuzima kompozita ili laptop iwe nyepesi

Swali: Habari za kazi, fundi. Nina laptop ya zamani yenye RAM ya GB 4, natumia Xubuntu (Linux yenye mazingira ya Xfce). Kijana mmoja aliniambia kompozita, ile programu inayounganisha madirisha kuwa picha moja ya kioo, ni urembo tu unaokula RAM, akaniwekea amri ya kuizima kila ninapowasha mashine. Sasa video zinachanika, nusu ya juu ya picha inaachana na ya chini. Nitaiwashaje na kuizima kwa amri bila kuhangaika na menyu?

Jibu: Nzuri. Amri ni hii (xfwm4 ndiyo inayosimamia madirisha ya Xfce, na kompozita imo ndani yake):

`xfconf-query -c xfwm4 -p /general/use_compositing -s true`

Ukitaka kuzima, weka `false`. Ukitaka amri moja ya kuwasha na kuzima, toa `-s true` uweke `-T`, kisha uifungie kitufe cha kibodi. Usitangulize `sudo`: itatafuta mipangilio ya root (msimamizi mkuu wa mashine) au itagoma kabisa, na ya kwako haitaguswa. Halafu ifute ile amri ya kijana kwenye orodha ya programu zinazoanza na mashine, la sivyo kesho utarudi hapa hapa. Video ikiendelea kuchanika hata baada ya kuwasha, jaribu hii, inayoanzisha xfwm4 upya ikifuata mwendo wa kioo: `xfwm4 --replace --vblank=glx &`.

Sasa hilo neno "urembo". Nalisikia kila wiki, na limenichosha. Vivuli vya madirisha ndivyo urembo. Kompozita kazi yake ni nyingine: kila dirisha huchorwa pembeni kwenye kumbukumbu, kisha kompozita huyapanga yote na kutoa picha moja iliyokamilika. Ukiizima, kila programu inachora moja kwa moja kwenye kioo kwa wakati wake, iwe kioo kiko katikati ya kuonyesha picha au la. Mchaniko wa video yako umetoka hapo. Aliyekupa dawa ndiye aliyekupa ugonjwa.

Na hiyo RAM inayoliliwa, tuihesabu. Kioo cha 1366 kwa 768, kila nukta baiti 4, dirisha lililojaza kioo linachukua kama MB 4. Fungua madirisha kumi ya namna hiyo, ni MB 40. Kurasa chache tu za kivinjari zinapita hapo bila hata kupumua. Isitoshe, ukiburuta dirisha bila kompozita, programu iliyo chini yake inalazimika kujichora upya kila inapofunuliwa, kwa hiyo umehamishia mzigo kwenye prosesa. Wanaotaka kuizima kwa ajili ya gemu wana hoja kidogo, ingawa xfwm4 kwa kawaida huliachia dirisha lililojaza kioo lipite lenyewe.

Kinachoniudhi zaidi ni amri za kunakili bila kuangalia ziliandikiwa mashine gani. Ya KDE, mazingira mengine ya Linux, `qdbus org.kde.KWin /Compositor suspend`, ni ya kikao cha X11, mfumo wa zamani wa kuonyesha madirisha. Kwenye Xfce haina wa kuiitikia. Kwenye Wayland, mfumo mpya zaidi, mambo ni mengine kabisa: kompozita ndiyo seva yenyewe ya kioo, hakuna kuizima ukabaki na madirisha. Ukiiua, na kazi uliyokuwa hujaihifadhi inaweza kwenda nayo. Andika kwanza `echo $XDG_SESSION_TYPE` ujue uko X11 au Wayland. Inachukua sekunde mbili, lakini hawa "wataalamu wa kuharakisha kompyuta" sijaona hata mmoja anayeitaja.

Mteja mmoja aliniletea mashine ambayo madirisha yake hayana vichwa, hayasogei, hayafungiki. Alikuwa amepewa skripti ya "kupunguza uzito", nayo ikaing'oa xfwm4 nzima, kwa sababu kwenye Xfce msimamizi wa madirisha na kompozita ni programu hiyo hiyo moja. Nikabonyeza Ctrl+Alt+F3 nipate skrini ya maandishi, nikaingia, `sudo apt install xfwm4`, nikawasha upya. Vichwa vikarudi. Kivinjari chake kilipofunguka, kilikuwa na kurasa zaidi ya thelathini.