Nusu ya Antena Imelala Ardhini: Niliyojifunza Nikisimamisha Antena ya Wima Bustanini

Antena ya wima inawavuta wengi wetu wa redio ya ridhaa, tunaowasiliana kwa redio kama burudani, wenye bustani ndogo. Haidai nafasi, inasimama kama mlingoti wa bendera, na inarusha mawimbi chini chini, karibu na upeo wa macho, ambako ndiko yanakotakiwa kuelekea ili yafike mbali. Yote hayo ni kweli. Ila simulizi nyingi huishia kwenye bomba linaloonekana. Mimi nataka tuzungumze sehemu isiyoonekana, maana hiyo ndiyo iliyonipotezea miezi kadhaa.

Ya kwanza niliisimamisha kwa ajili ya bendi ya mita 40, yaani masafa ya karibu megahezi 7. Hesabu yake ni nyepesi: chukua 71.3, gawa kwa masafa unayotaka kwa megahezi, unapata urefu wa robo ya wimbi kwa mita. Kwa megahezi 7.1 inatoka mita 10 na kidogo, kwa 14.2 ni mita 5, kwa 28.4 ni mita 2 na nusu tu. Nilitumia mabomba ya alumini yanayochomekana, nene chini na jembamba juu, nikayakalisha juu ya kipande cha bomba la plastiki gumu ili alumini isiguse udongo. Pembeni nikapigilia rodi moja ya ethi ya shaba, nikaunga ganda la kebo ya koaksia (ule wavu wa waya unaozunguka waya wa kati) kwenye rodi na waya wa kati kwenye bomba. Nikawasha. Kipimo cha SWR, kinachoonyesha jinsi antena inavyolingana na omu 50 za ukinzani ambazo redio inazitarajia (1 ndiyo kulingana kamili), kikasoma 1.4. Nikaridhika kabisa.

Siku zilivyopita niligundua kwamba nasikia vituo vingi kuliko vinavyonisikia. Nilikuwa naita, naita, na mwenye kituo anamjibu mwingine. Nikabadilisha kebo, nikafungua kila kiungo na kukifunga upya, nikailaumu hali ya anga. Redio haikuwa na tatizo. Kebo haikuwa na tatizo.

Fikiria hivi. Antena ya mlalo ina mikono miwili: umeme ukisukumwa kwenye mkono mmoja, mwingine unaupokea. Antena ya wima ya robo wimbi ina mkono mmoja tu. Mkono wa pili ni ardhi, na ardhi ni mpitishaji mbovu wa umeme wa masafa haya. Ukipeleka wati 100 kwenye antena hii, chini kabisa ya bomba inapita karibu ampea 1.7, na kiasi kilekile lazima kirudi kwenye ganda la kebo kupitia kitu fulani. Kikirudi kupitia udongo mtupu, unapasha udongo moto. Rodi ya ethi inasaidia kwa usalama wa radi, lakini kwa kazi hii ni karibu bure, kwa sababu umeme wa masafa ya juu hauzami sana. Unarudi ukitambaa karibu na uso wa ardhi kutoka pande zote. Kwa hiyo waya zinazoupokea nazo zinapaswa kulala karibu na uso, zikitawanyika kutoka kwenye shina kama mizizi ya mnazi. Wenzetu huziita radiali.

Jambo hili si geni. Mwaka 1937 wahandisi watatu wa Marekani, Brown, Lewis na Epstein, walichapisha vipimo walivyofanya wakiongeza waya ardhini hadi 113, na tangu hapo waya 120 chini ya mlingoti zikawa kawaida kwa vituo vya utangazaji vya AM. Sisi wa bustanini hatuhitaji 120. Lakini rodi moja peke yake si mfumo wa ardhi.

Hapa naomba unifuatilie kwa makini, kwa sababu ndipo wengi wanapokata tamaa na kurudi nyuma. Nilikuwa nimeazima mita ya antena inayoonyesha ukinzani kwa omu, si SWR peke yake. Kwa rodi tupu ilisoma omu 72. Antena kamili ya robo wimbi juu ya ardhi kamilifu inatakiwa kusoma kama 36. Hizo 36 zilizozidi ni udongo. Yaani nusu ya nguvu yangu ilikuwa inaishia kwenye nyasi, na SWR ya 1.4 haikuniambia neno.

Nikaanza kutandaza waya. Nane za kwanza, mita ikashuka hadi 50, SWR ikawa 1 kamili. Mtu yeyote angeishia hapo. Nikaongeza hadi 16, ukinzani ukawa 42, na SWR ikapanda hadi 1.2. Nakumbuka nilipiga goti kwenye nyasi na koleo mkononi, nikitaka kuzikata zile nane mpya, nikiamini nimeharibu kitu. Kilichonizuia ni ile hesabu ya 36. Nikaendelea hadi 32: omu 38, SWR 1.3. Kipimo ambacho sote tunakiabudu kilizidi kuwa kibaya huku antena ikizidi kuwa nzuri. Ukigawa 36 kwa ukinzani unaousoma, unapata makadirio ya sehemu ya nguvu inayotoka hewani: kwa 72 ni nusu, kwa 50 ni asilimia 72, kwa 38 ni asilimia 95 hivi. SWR ya 1.3 haidhuru redio yoyote. Iache.

Usiniamini kwa hesabu tu. Nilitundika antena ya mlalo ya chini iwe kipimo cha kulinganishia, nikatumia WSPR, mfumo wa ishara dhaifu uliobuniwa na Joe Taylor, yule mshindi wa tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka 1993. Kila rusho linachukua karibu dakika mbili, na vituo vya mbali vinaripoti vyenyewe vimekusikia kwa nguvu gani. Nilikuwa nabadilisha antena moja hadi nyingine usiku mzima. Kabla ya waya, vituo vya mbali viliona antena zote mbili karibu sawa. Baada ya waya 32, ile ya wima iliongoza kwa desibeli kama 3, yaani karibu mara mbili ya nguvu. Tafadhali linganisha hivyo, antena mbili usiku uleule. Kulinganisha ya leo na ya jana ni kupima anga, maana anga haikai hali moja siku mbili.

Kuhusu urefu wa waya, ondoa hofu. Zikilala juu ya udongo hazihitaji kukatwa kwa kipimo cha robo wimbi, udongo wenyewe unaivuruga ile hesabu. Kama una mita 160 za waya, pata waya 32 za mita 5 badala ya 8 za mita 20. Zangu ni kati ya mita 5 na 10, kila moja inafika inapofika: nyingine inakata kona ya ukuta, nyingine imezunguka shina la mwembe. Upande mmoja ulio karibu na nyumba una waya chache na fupi, na antena inafanya kazi vizuri tu. Waya wowote wa shaba wenye ganda la plastiki unafaa, hata ule wa spika.

Kutandaza kwenyewe ni kazi ya kupendeza. Kata nyasi chini kabisa, halafu vuta waya ukiwa umenyooka na ubane kila baada ya hatua moja kwa kipande cha waya mgumu kilichokunjwa kama herufi U. Mimi nilipiga vipande hivyo kwa kisigino. Baada ya wiki chache nyasi zilikuwa zimezimeza waya zote, na mashine ya kukatia inapita juu bila kugusa. Hakuna haja ya kuchimba mitaro.

Ukimaliza waya ndipo ukate bomba. Nasema hivi kwa msisitizo, kwa sababu mimi nililikata kabla, na kila nilipoongeza waya sehemu yake nzuri ilihama kwenye bendi. Anza na urefu uliozidi kwa sentimita 30 hivi, pima, punguza kidogo kidogo.

Kwenye shina pana mambo mawili yanayostahili uangalifu. Kwanza, shaba na alumini hazipendani. Nilipofungua kiungo changu baada ya msimu mmoja wa mvua nilikuta unga mweupe umejaa pale shaba ilipogusa bomba, na skrubu imelegea kwa kuliwa. Sasa kila mahali metali hizo mbili zinapokutana naweka washa ya chuma cha pua katikati, kisha nafunga mkanda wa mpira unaojishika wenyewe, kuanzia chini kwenda juu, ili maji yateleze badala ya kuingia. Pili, kebo nayo ni waya, na itataka kujifanya radiali ya ziada ikileta kelele za nyumbani moja kwa moja hadi kwenye redio. Zungusha kebo nyembamba mara 10 hadi 12 kwenye pete ya feriti (kauri yenye chuma) ya aina ya 31, karibu na shina. Kelele zangu kutoka kwenye chaja na taa za LED zilipungua siku hiyohiyo. Hazikuisha, maana antena ya wima kwa asili yake husikia zaidi kelele za jirani, na hilo ulikubali kabla hujanunua bomba.

Kama bustani yako ni zege tupu au umepanga nyumba na huruhusiwi kugusa nyasi, inua shina zima juu ya kichwa cha mtu na utumie radiali nne zinazoning'inia hewani. Hizo sasa lazima ziwe za robo wimbi kwa kipimo, na zikiinama kama nyuzi 45 ukinzani hupanda kukaribia omu 50.

Usalama sitaupitia haraka. Kabla ya kuchimba shimo, tazama juu. Kama kuna nyaya za umeme, simamisha antena mbali nazo kuliko urefu wake wote na mita kadhaa za ziada, ili hata ikianguka wakati wa kuinua isizifikie. Tafuta watu wawili wa kukusaidia kuinua, na kamba tatu za polyester, si waya, zilizogawanywa sawa pande zote. Rodi ya ethi ya antena iunganishwe na ethi ya nyumba. Ethi mbili zisizoshikana ni hatari wakati wa radi. Wingu likianza kunguruma, kebo ichomolewe na ibaki nje ya nyumba. Ukiwa unarusha, bomba lina mamia ya volti kuelekea nchani, na mguso mmoja unaunguza ngozi, kwa hiyo weka uzio mdogo usiopitisha umeme kama kuna watoto. Na leseni, bila shaka, iwe mkononi kabla ya kubonyeza kitufe cha kurusha.

Mwisho, andika ukinzani uliousoma siku ya kwanza kwenye karatasi na uibandike ndani ya kisanduku cha shina. Yangu imeandikwa 38. Kila mvua zinapokatika nashuka na mita kupima tena. Mwaka jana ilisoma 46, nikafuata waya moja moja kwa vidole chini ya nyasi mpaka nikakuta saba zimekatwa na jembe upande wa maua. Nilizilehemu kwa risasi jioni hiyohiyo, ikarudi 38.