Kabla ya Kununua Dawa, Uliza Nani Atafungua Stoo

Katikati ya mwaka 2009 niliajiriwa kuwa mhasibu wa shirika moja la misaada nchini Zimbabwe, miezi michache baada ya Rais Robert Mugabe na mpinzani wake Morgan Tsvangirai kuunda serikali ya umoja wa kitaifa. Nchi ilikuwa imetoka katika mfumuko wa bei uliozaa noti ya dola trilioni 100 za Zimbabwe, na kipindupindu kilichoanza Agosti 2008 kilikuwa kimeua watu zaidi ya 4,000. Wako vijana wanaonitaka ushauri kabla ya kwenda kufanya kazi za namna hii, na jibu langu huwa ni hili: fedha za kuijenga upya nchi zianzie kwa watu wanaofanya kazi, ndipo zifuate za kununulia vitu.

Nililijua hilo kwa aibu. Shehena yetu ya kwanza ya dawa ilifika kwenye zahanati moja ya kijijini tukakuta mlango umefungwa, kwa sababu muuguzi alikuwa ameacha kuja tangu mshahara wake uliposhindwa kumlipia hata nauli ya basi. Tulipoamua kuwalipa wauguzi posho, tukamsahau mlinzi aliyeshika funguo za stoo, naye akatukumbusha kwa kutoonekana siku mbili. Kwa hiyo, kabla ya kuandika bajeti, fuata njia ya boksi moja la dawa kutoka kwenye lori hadi mkononi mwa mgonjwa, ukihesabu kila mtu atakayeligusa na kuuliza analipwa na nani.

Serikali mpya ililielewa jambo hilo mapema, kwani ilianza kwa kumlipa kila mtumishi wa umma dola 100 za Kimarekani kwa mwezi, kiasi kidogo kilichotosha kuwarudisha walimu wengi darasani. Baadaye wafadhili walichangia mfuko wa elimu uliosimamiwa na UNICEF, ambao ulisambaza vitabu zaidi ya milioni 13 katika shule za msingi. Najiuliza vitabu hivyo vingefanya nini kama vingefika mwaka 2008, shule zilipokuwa hazina walimu.

Wafadhili wengi hawakutaka fedha zao zipitie hazina ya serikali, na siwalaumu, maana mwaka 2008 benki kuu ilikuwa imeshika zaidi ya dola milioni 7 za Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria, ikazirudisha baada ya kelele nyingi. Hata hivyo, ukipita kando ya serikali, usipite kando ya mganga mkuu wa wilaya: mpe nakala ya bajeti, mketi naye kila mwezi, na orodha ya malipo itoke ofisini kwake. (Wahasibu wenzangu, kubalianeni pia kimaandishi kuhusu chenji, kwa maana tulitumia dola za Kimarekani na senti zake hazikuwapo na maduka yalitulipa kwa pipi, ambazo mkaguzi alikataa kuziona kuwa fedha.)

Mwisho, mkataba wa posho uonyeshe tarehe ambayo serikali itaanza kulipa yenyewe. Sisi hatukuiandika, na wiki niliyoondoka muuguzi yule alinifuata hadi kwenye gari kuniuliza malipo yake ya mwezi ujao yangetoka wapi.