Nyumba Ilikuwa Yetu, Stoo Ilikuwa ya Ukoo

Swali lenu la wiki hii: mlipotoka nyumba kubwa mkaingia ndogo, ni kitu gani kiliwawia kigumu zaidi kukiacha? Nilitaka kujibu kwa neno moja tu: makochi. Yetu ya watu saba yaligoma kupita mlangoni, tukamwachia fundi kwa bei ya kutupa, vitambaa vyake nikabaki navyo mkononi. Lakini makochi yaliniuma siku mbili. Lililoniuma zaidi sikulijua hadi mwezi wa tano baada ya kuhama.

Tulihama Februari mwaka jana, mimi na mzee, mume wangu. Tulitoka Free Area, hapa Nakuru, kando ya barabara ya Nairobi, nyumba ya vyumba vitano vya kulala kwenye robo ekari, na vyumba viwili vya mabati nyuma. Tuliijenga chumba baada ya chumba kuanzia 1986, kwa mikopo ya sako, yangu ya ualimu na yake ya reli. Ukiutazama ukuta kwa makini utaona rangi ya mawe ikibadilika kila mahali mkopo ulipoishia. Sasa tuko Section 58, fleti ya vyumba viwili, orofa ya chini kwa sababu ya magoti yangu.

Aliyeanza maneno ya kuhama ni mzee. Wanasema jina Nakuru limetoka kwa Wamaasai, na maana yake ni mahali pa vumbi. Anayebisha aje Januari apanguze madirisha. Mzee aliketi na kalamu akahesabu: watoto wetu wote watatu, ukijumlisha Krismasi na Pasaka, wanalala kwetu usiku sita kwa mwaka, na vyumba vyao vinapanguzwa mwaka mzima. "Tunaendesha hoteli isiyo na wageni," akasema. Kifungua mimba wetu alipopigiwa simu hakuuliza kuhusu magoti yangu. Aliuliza, "Sasa Krismasi tutalala wapi?"

Wengine walishangaa kwa nini hatukurudi mashambani kama wastaafu wenye akili. Tuna kipande cha shamba Molo. Baridi ya Molo wakati wa ujana ni tamu, lakini mzee ana kliniki ya presha mjini kila mwezi, na mimi sitaki kuamshwa na ng'ombe. Hilo tulimaliza siku moja.

Mauzo yenyewe yalikuwa mepesi kuliko nilivyoogopa, na nitayataja kwa sababu najua wapo wanaosoma hapa wakiwa na hofu ileile. Mzee alikuwa amesikia kwamba kodi ya faida ya mtaji, ile inayotozwa faida ya kuuza mali, ilipanda kutoka asilimia 5 hadi 15 mwaka 2023, akakosa usingizi wiki nzima. Wakili akamtuliza: nyumba ambayo mwenyewe ameishi mfululizo miaka mitatu kabla ya kuiuza imesamehewa kodi hiyo. Sisi tulikuwa na zaidi ya thelathini. Ushuru wa stempu nao, asilimia 4 kwa mali ya mjini, hulipwa na mnunuzi. Tukafurahi, tukasahau kwamba kwenye fleti wanunuzi ni sisi. Na kabla ya kununua fleti, ulizeni hati. Tangu sheria ya 2020 inawezekana kupata hatimiliki ya nyumba yako mwenyewe ndani ya jengo. Msiridhike na karatasi inayosema tu mna haki ya kukaa.

Hati ya nyumba ya Free Area ilikuwa kwa jina la mzee, lakini sheria ya mali ya ndoa ya 2013 hairuhusu mmoja auze makao bila mwenzake kukubali. Nikatia sahihi yangu kwa wakili, mkono haukutetemeka. Nikadhani basi, wenye nyumba wamekubaliana.

Kisha tukafungua stoo.

Kuna wataalamu wanaoshauri utupe kila kitu ambacho hujakigusa mwaka mzima. Hao hawana wifi. Katika stoo ile na vile vyumba viwili vya nyuma nilikuta cherehani ya wifi yangu, aliyeileta "kwa wiki mbili" mtoto wangu wa mwisho akiwa darasa la nne. Kitinda mimba huyo sasa ana ndevu. Nilikuta mabati 14 ya mpwa wa mzee, ambaye amekuwa akijenga mwakani tangu 2013. Viti 40 vya plastiki vya chama chetu cha kusaidiana na sufuria zake za matanga. Vyuma vya kitanda cha dabodeka ambavyo hakuna aliyekumbuka ni vya nani. Masanduku ya bweni sita, ya chuma, yenye majina kwa rangi nyeupe, na ni mawili tu yaliyokuwa ya watoto wetu. Manne yalikuwa ya watoto wa ndugu waliosomea Nakuru wakilala kwetu wikendi za mapumziko, kwa sababu nauli ya kwenda kwao na kurudi ilikuwa kubwa kuliko mapumziko yenyewe.

Nilikaa juu ya sanduku mojawapo nikapiga simu. Siku tatu nilipiga simu. Wifi alinijibu kwa upole ule unaokata: "Sawa tu, dada. Kama mmeamua." Mpwa alisema atatuma mkokoteni, akatuma baada ya wiki tano, nasi tukiwa tumeshalipia mabati yake nafasi kwenye lori. Chama kilikuja siku hiyohiyo, na mweka hazina akahesabu viti mara mbili mbele yangu.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba sahihi mbili hazikutosha. Sisi tulidhani tunauza nyumba yetu. Wenzetu waliona tunafunga kituo.

Maana kilikuwa kituo. Aliyekuja kufanyiwa usaili alilala kwetu. Aliyekuja kujifungua alitokea kwetu. Januari 2008, uwanja wa maonyesho wa Nakuru ulipofurika watu waliofukuzwa makwao na ghasia za baada ya uchaguzi, sisi tulikuwa 19 ndani ya nyumba ile. Wanaume walilala sebuleni wamepangana kama dagaa, kina mama na watoto vyumbani, na sufuria za chama, zilezile, zikapika uji kwa majuma matatu. Sikumbuki tukilalamika kuhusu nafasi. Nakumbuka foleni ya choo, na binamu mmoja aliyekuwa akikoroma hadi watoto wakaanza kumuiga mchana.

Kitu kingine ambacho sikukihesabu ni paa. Nyumba ya Free Area ilikuwa na paa pana na tangi la lita 10,000, na majirani zetu wenye visima walikuwa wakija kwetu kuomba maji ya kunywa ya watoto. Maji mengi ya ardhini huku kwetu Bonde la Ufa yana floraidi kuliko ile miligramu 1.5 kwa lita inayokubalika, na mtoto anayeyanywa meno yake yakiwa bado yanaota hupata madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki wowote. Watoto wetu walikua kwa maji ya mvua, wana meno meupe, na mimi nilijisifia hilo kuliko vyeti vyao. Fleti haina paa la mtu. Mabomba yetu yanatoka kisima cha jengo, kwa hiyo tunatumia kichujio cha mkaa wa mifupa, ile mbinu ambayo Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru imesaidia kuieneza. Kinafanya kazi. Lakini kila mvua inaponyesha bado nasimama dirishani nikiwaza ni maji ya nani yale yanayokwenda mtaroni.

Msidhani najuta. Magoti yameshukuru. Nyumba naifagia kabla chai haijapoa, bili ya stima imepungua kwa zaidi ya nusu, na mzee, ambaye kule tulikuwa tunatafutana kwa simu, sasa namsikia akigeuza ukurasa wa gazeti. Kuna siku ningependa asisikike sana, lakini hilo si swali lenu.

Sasa lile la mwezi wa tano baada ya kuhama. Binamu wa mzee, mwenyeji wa Molo, huhudhuria kliniki katika hospitali ya rufaa ya kaunti. Kwa miaka alikuwa akiteremka na matatu ya jioni, analala kwetu, asubuhi anawahi foleni. Hakuwahi kupiga simu kusema anakuja. Alikuwa anabisha tu geti akiwa na gunia la viazi. Tulipohama tulimweleza kama wengine, akatupongeza. Basi Julai mzee alikuwa kwa kinyozi karibu na stendi, akamwona anatoka gesti moja ya bei rahisi saa kumi na mbili asubuhi, amevaa koti lake la kwendea kliniki, mfuko wa dawa mkononi. Walisalimiana. Binamu alisema hakutaka kutubana. Alikuwa amelala pale mara tatu.

Mzee alirudi nyumbani bila kunyolewa. Hakuniambia hadi usiku, na aliponiambia hakunitazama. Ni yeye aliyekuwa amehesabu usiku sita kwa mwaka, na katika hesabu ile aliwaandika watoto wetu peke yao.

Asubuhi yake tulikwenda kununua godoro la inchi nne, lile linalokunjika mara tatu. Halina pa kukaa ila nyuma ya mlango wa sebule, kwa hiyo mlango wetu haufunguki wote, na kila mgeni huingia kwa ubavu. Tulimpigia binamu sisi wenyewe. Akakataa, tukapiga tena, mara ya tatu nikamnyang'anya mzee simu nikasema maneno ambayo hayafai kuandikwa gazetini. Amekuja mara nne tangu hapo. Viazi sasa analeta nusu gunia, anasema jikoni hamna nafasi, na kweli hamna. Wifi bado hajaja, ingawa cherehani yake tulihama nayo. Iko chumbani kwetu upande wangu wa kitanda, naiwekea miwani na Biblia juu, na sijamwambia.